Chumvi ya Chungu Kimoja

Tumeulizwa suali na ndugu zetu wa Kisii na Nyamira, nalo ni hili: Mwanamke mumewe ana maradhi ya shinikizo la damu, na mume hataki kusikia habari ya kupunguziwa chumvi. Mke amepata habari kuwa iko chumvi nyengine yenye sodiamu kidogo. Je, afanya vyema akiimimina katika mkebe ule ule wa zamani, akanyamaza?

Kwanza na tuijue chumvi yenyewe. Hii tuliyoizoea, ianikwayo juani Gongoni na Marereni katika pwani ya Kilifi, nyingi yake ni sodiamu iliyoungana na klorini. Sodiamu ikizidi huyazuia maji mwilini, damu ikasukuma mishipa kwa nguvu, na moyo ukachoka. Katika chumvi hiyo nyengine sehemu ya sodiamu imeondolewa ikatiwa potasiamu, ambayo huzisaidia figo kuitoa sodiamu iliyobaki. Ladha ni karibu moja, ingawa wengine huonja uchungu kidogo.

Wala haya si maneno ya wauzaji. Katika vijiji 600 vya China watu karibu 21,000, wengi wao waliokwisha kupatwa na kiharusi, walitazamwa kwa muda wa karibu miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi yenye robo ya potasiamu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika kila watu 1,000 kwa mwaka, kiharusi kiliwapata kiasi cha 29 wa chumvi mpya, na kiasi cha 34 wa chumvi ya zamani. Na mwezi wa Januari 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri la kuitumia chumvi ya namna hiyo majumbani.

Basi mtu atasema: ikiwa kheri ni dhahiri hivi, idhini ya nini? Mama hutia dawa katika uji wa mtoto bila ya kumwuliza. Na tangu miaka ya 1970 sheria ya Kenya imelazimisha aidini itiwe katika chumvi ili kuzuia rovu, wala hapana mlaji aliyebishiwa hodi akaulizwa. Hoja hii ina nguvu, nasi hatupendi kuipita mbio. Lakini aidini ilitiwa kwa sheria iliyotangazwa, na imeandikwa juu ya pakiti. Ajuaye kusoma husoma. Lililofichwa mkebeni halikuandikwa popote. Na mume si mtoto.

Kisha kuna chungu. Sufuria moja ya chinsaga hulisha mume, watoto, mama mkwe, na mgeni aliyepitia kutoka soko la Keroka. Mke amemkusudia mtu mmoja. Chumvi haimjui aliyekusudiwa. Mwenye figo dhaifu hawezi kuitoa potasiamu ya ziada, nayo ikijaa katika damu huuvuruga mwendo wa moyo, hatta pengine ukasimama. Kadhalika ziko dawa zinazoizuia potasiamu isitoke, na ajabu ya mambo, baadhi yake ndizo hizo wapewazo wenye shinikizo la damu, kama enalaprili na losartani. Huenda mume huyo anameza mojawapo. Wale wachunguzi wa China walilijua jambo hili: mtu ambaye yeyote katika nyumba yake alijulikana kuwa na maradhi makubwa ya figo hawakumwingiza. Nalo shauri la mwaka 2025 halikuwahusu watoto wala waja wazito.

Mpishi ameaminiwa. Mlaji hapimi wala hachunguzi; hunawa mikono akala. Amana hiyo haimpi mpishi ruhusa ya kuamua peke yake ati kwa sababu ana nia njema. Khasa mwenye nia njema ndiye hasahau kujiamini kupita kiasi. Na tabibu akimwuliza mume ala chumvi gani, mume atajibu uwongo asioujua, na dawa itapimwa juu ya uwongo huo.

Kwa hivyo twasema: na aseme. Na mume akikataa je? Hapo mke hakufungwa mikono. Kupunguza chumvi si kama kutia kitu kigeni. Mpishi huipima kila siku kwa mkono wake, na mlaji huonja, akitaka atauliza. Apunguze kidogo kidogo, kwani ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Kiasi kilichoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake ihesabiwe chumvi iliyomo katika viungo vya mchuzi vya pakiti. Magadi nayo ni sodiamu, jambo ambalo wengi hawalifikirii watiapo katika mboga. Wenyeji wa Kisii huupoza uchungu wa chinsaga kwa maziwa, na desturi hiyo twaiona bora.

Ama wakikubaliana kununua chumvi ya potasiamu, ambayo mara nyingi ni ghali kuliko ya kawaida, wasome pakiti wajue kama ina aidini, na mume achukue dawa zake zote amwonyeshe tabibu. Na ikiwa nyumbani yuko mzee ambaye figo zake hazijapata kupimwa, apelekwe kwanza akapimwe. Pakiti ingoje dukani.