Majumba ya Fahari na Haki Zilizo Chini Yake

Twapenda kuwaletea wasomaji wetu suala lililoulizwa katika darsa yetu baada ya sala ya Isha, kwani twaona kwamba si la mtu mmoja, bali ni letu sote tukaao katika miji ya pwani.

Mzee mmoja katika jamaa zetu ana mwana afanyaye kazi ng'ambo. Mwana huyo amempelekea babake fedha alizozichuma kwa jasho, amnunulie fleti katika jengo jipya la ghorofa nyingi lililosimama katikati ya mji, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba za watu, zikavunjwa. Jengo lina lifti, bawabu, jenereta na madirisha yatazamayo bahari. Mzee hakutuuliza habari ya bei. Alituuliza: "Je, kuna lawama juu yetu tukikaa humo?"

Baadhi yetu walitabasamu. Walisema, mali ni ya halali na biashara ni ya halali. Lawama itoke wapi? Mzee akajibu kwamba siku alipokwenda kuitazama fleti alitembezwa chumba kwa chumba, na kila kitu kilimpendeza. Kisha akasimama dirishani ili aione bahari, na kabla ya bahari akaona ua wa nyumba ya jirani, na mwanamke amefungua kichwa anaanika nguo kama alivyozoea kuanika miaka yote. Mzee akateremsha macho, akatoka. Tangu siku hiyo moyo wake haukutulia.

Sisi twaona ya kwamba mzee huyu ameuliza swali kubwa kuliko walivyodhani waliotabasamu. Ni hili: mtu akilipa bei yote ya nyumba, je, amelipa haki zote za nyumba hiyo?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuondoe kosa moja. Wako wanaodhani kwamba uchaji Mungu ni kukaa pabovu. Hilo si kweli. Katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu awakemea wale wanaoharimisha pambo Alilowatolea waja Wake na vilivyo vizuri katika riziki. Na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alihesabu miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu makao yenye nafasi. Lakini na tutazame vizuri: katika hesabu hiyo hiyo, ubavuni mwa makao yenye nafasi, alimtaja jirani mwema. Hakuitenga nyumba na jirani yake. Sisi ndio tuliotenga, tukawa twauliza idadi ya vyumba na hatuulizi habari za watu.

Kadhalika Qur'ani, katika Suratush Shuaraa, yatusimulia jinsi Nabii Hud alivyowalaumu watu wa Adi kwa kujenga majengo ya mchezo juu ya kila mahali palipoinuka, na kujifanyia ngome kana kwamba wataishi milele. Hawakulaumiwa kwa sababu mawe yalipandana juu ya mawe. Walilaumiwa kwa sababu ya nyoyo zilizojengwa ndani ya mawe hayo. Na aya inayofuata yataja jinsi walivyowashambulia watu kijabari. Basi urefu wa jengo peke yake si dhambi. Swali ni jengo limesimama juu ya nini, na limesimama juu ya nani.

Kwa hiyo twasema kwamba mwenye kununua fleti ya fahari katikati ya mji ana haki tatu za kuzitazama, mbali na bei.

Haki ya kwanza ni ya wale waliokuwapo. Hapa twapenda kupiga mfano wa Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, kwa sababu nao ni mji wa pwani kama wetu, wenye Waislamu na wasiokuwa Waislamu waliochanganyika, na mambo yake yamekwisha kuonekana mwanzo wake na matokeo yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu huko tangu 1975 hata 1990. Katikati ya mji, palipokuwa na masoko ya kale kama Suq al-Tawila na Suq Ayyas, pakawa magofu na mstari wa mapigano. Vita vilipokwisha, serikali haikuwa na fedha za kupajenga. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria nambari 117, iliyoruhusu kampuni kukabidhiwa ujenzi wa eneo zima. Na mwaka 1994 ikaundwa kampuni iitwayo Solidere. Aliyekuwa nguvu kubwa nyuma ya jambo hilo ni Rafic Hariri, Waziri Mkuu wa nchi tangu 1992, naye pia alikuwa mwenye hisa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Waliokuwa na milki na haki za upangaji katika eneo lile walipewa hisa za kampuni badala ya mali zao, na wenye fedha kutoka nje wakauziwa hisa za namna ya pili. Baadhi ya majengo yaliyochaguliwa yahifadhiwe yaliweza kurudishiwa wenyewe kwa masharti, lakini mengi yalivunjwa. Walioutetea mpango huu walikuwa na hoja, na insafu yatutaka tuitaje: milki zilikuwa zimegawanyika kwa warithi na wapangaji maelfu kwa maelfu, wengine wametawanyika duniani, hata duka moja lilikuwa na wenyewe wengi wasioweza kukubaliana. Lau wangengojwa wote, huenda pangebaki magofu hata leo.

Lakini hisa si nyumba. Mtu aliyerithi duka sokoni, akipewa karatasi, hana tena mlango wa kufungua asubuhi, wala jirani wa kumwachia ufunguo. Na wengi walilalamika kwamba thamani waliyokadiriwa haikuwa ya haki, na kwamba hawakuulizwa wataka au hawataki.

Sheria yetu yasemaje? Asili ya jambo ni ridhaa. Katika Suratun Nisaa tumekatazwa kula mali zetu baina yetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara kwa kuridhiana. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina na kutaka kujenga msikiti, uwanja ulikuwa wa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kumpa bure. Naye, kama ilivyopokewa katika Bukhari, akakataa ila aununue kwao. Tazama: mnunuzi ni Mtume, jengo ni msikiti, wenye mali ni watoto, na bado bei ililipwa.

Hata hivyo wanazuoni hawakusema kwamba mali ya mtu haichukuliwi kabisa. Sayyidna Umar alipoupanua Msikiti Mtukufu wa Makka alinunua nyumba zilizouzunguka, na waliokataa kuuza zilivunjwa nyumba zao na thamani yake ikawekwa amana. Lakini lile lilikuwa kwa ajili ya njia ya watu wote. Na katika zama zetu Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jidda mwezi wa Februari 1988, liliweka masharti: mwenye kuchukua awe mtawala au naibu wake, kuwe na maslaha ya umma yenye haja ya kweli, mwenyewe alipwe upesi fidia ya haki kwa makadirio ya wajuzi, na mali iliyochukuliwa isije ikageuzwa kuwa ya uchumaji. Sharti hili la mwisho ndilo la kutiliwa mkazo. Kuchukua kiwanja cha mtu ili ipite barabara ni jambo moja. Kukichukua ili mwingine ajenge fleti za kuuza ni jambo jingine.

Sasa matokeo. Katikati ya Beirut palijengwa kwa uzuri. Msikiti wa kale wa al-Omari ukafanyiwa ukarabati. Msikiti mkubwa wa Muhammad al-Amin ukafunguliwa 2008. Masoko mapya yakafunguliwa 2009 yakifuata mistari ya njia za zamani. Yakainuka majumba ya fahari yatazamayo bahari. Lakini fleti nyingi zilinunuliwa na watu wakaao nchi nyingine, waje siku chache kwa mwaka, na usiku madirisha mengi yalikuwa giza. Mawe ya msikiti hukarabatiwa kwa mawe. Lakini jamaa zake, waliokuwa wakitoka madukani kwa adhana na kurudi, hawakarabatiwi kwa fedha.

Mnamo Oktoba 2019 watu walipoandamana kwa ajili ya hali ngumu, walijaa katika viwanja vile vya kati, na wachuuzi wakaingia na mahindi na kahawa mahali ambapo kwa miaka mingi mtu wa kawaida alijiona mgeni. Na tarehe 4 Agosti 2020, bandari ilipolipuka na kuua watu zaidi ya 200, vioo vya majumba ya fahari na vya nyumba za mafukara vilivunjika kwa pigo moja. Kesho yake walioonekana mabarabarani ni vijana wenye mifagio na makoleo, wakifagia vioo bila ya kuuliza ni vya nani. Siku ya msiba bawabu hatoshi, hutakiwa jirani.

Haki ya pili ni ya wale waliopo kando, na hii ndiyo iliyomteremsha macho mzee wetu. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali; na Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba Jibrili aliendelea kumuusia habari ya jirani hata akadhani atamfanya mrithi. Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa kulijua jambo hili. Ukuta ulikuwa mmoja kwa nyumba mbili, baraza ilikuwa nje kwa ajili ya mpita njia, na ua ulikuwa ndani kwa ajili ya sitara. Jengo la ghorofa kumi likisimama kando ya nyumba hizo, ua wote huwa wazi. Tena maji machafu ya jamaa arubaini huteremka katika mfereji uliochimbwa kwa jamaa wanne, na pampu moja yenye nguvu huvuta maji ya kisima ambacho majirani walikitegemea. Aliye juu haoni haya, kwa kuwa dirisha lake limeelekezwa baharini. Na sisi twasema kwamba kutoona si udhuru, maana ameuziwa huko kutoona pamoja na vyumba.

Haki ya tatu ni ya wale walio ndani pamoja naye. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2020 ihusuyo milki za sehemu za majengo, mwenye fleti hupata hati yake, na wote pamoja huwa na umoja wa kusimamia vilivyo shirika: ngazi, lifti, paa na ardhi. Basi hao si majirani tu, ni washirika. Katika madhhab yetu ya Shafi mshirika ana haki asizokuwa nazo jirani mtupu. Shufaa kwetu ni ya mshirika, na wenzetu wa Hanafi ndio humpa hata jirani. Hatutoi fatwa hapa juu ya fleti. Twakumbusha tu kwamba neno "mshirika" ni zito. Asiyelipa ada ya pamoja, bawabu akacheleweshwa mshahara na mzee wa ghorofa ya saba akapanda ngazi kwa miguu, amewala washirika wake hata kama ana tasbihi mkononi.

Huenda mtu akatuambia: "Mimi sikumvunjia mtu nyumba. Nimekuta jengo limekwisha simama, nami nikikataa atanunua mwingine." Twajibu kwamba maneno haya yana ukweli nusu. Ni kweli dhulma ya aliyejenga si dhambi ya aliyenunua bila ya kujua. Lakini asiyejua kwa sababu hakuuliza si sawa na asiyejua baada ya kuuliza. Twanunua samaki sokoni tukamfunua mashavu tuone kama ni wa leo. Vipi twanunua nyumba ya umri mzima bila ya kuuliza kiwanja kilipatikanaje?

Nanyi warithi wa nyumba za kale mnaofuatwa na wajenzi, twawausia. Kumi wakitaka kuuza na shangazi mmoja mzee hataki, wingi wenu haumwondoi katika haki yake. Mkae naye, mumsikize, mumpatie pa kukaa kabla ya kutia saini.

Basi jawabu letu kwa mzee ni hili. Na aulize kwanza waliokuwapo waliondokaje. Akijua kwa yakini kwamba waliondolewa kwa dhulma, aiache, na Mwenyezi Mungu atampa iliyo bora. Akiona waliuza kwa ridhaa na wakalipwa, na anunue, wala hakuna lawama katika lifti wala katika bahari. Lakini siku atakayohamia asianze kupanda. Aanze kuzunguka nyumba za kando, atoe salamu, ajijulishe. Dirisha litazamalo ua alitie kioo kisichopitisha macho. Katika mkutano wa wenye fleti awe wa kwanza kusema habari ya maji machafu na mshahara wa bawabu. Na kama mwanawe hatakuja kukaa, asiifunge nyumba kama sanduku la fedha hali katika mji wamo watafutao chumba.

Akifanya hayo, atakuwa amelipa bei pamoja na haki zilizo chini ya bei. Mwenye rai nyingine na atuandikie. Sisi ni wanafunzi. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe makao yenye nafasi na majirani wema, na atujaalie nasi tuwe majirani wema kwa wengine. Amin.