Tayamamu Haimtoshi Mgonjwa

Masika yakichelewa, Ndau huumia mapema. Kisiwa hiki kidogo cha Wabajuni katika visiwa vya Lamu, Kenya, kaskazini mashariki ya Pate na jirani ya Kiwayu, kimezungukwa na bahari na mikoko, lakini maji matamu yake hushuka kutoka mbinguni: mvua hupiga sakafu ya jabia, yaani uwanja wa kukingia mvua, ikateremka kwenye birika, ikatunzwa hadi msimu mwingine. Visima vya visiwa hivi mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Kaskazi ikielekea ukingoni, kila ndoo ina hesabu yake: hii ya kunywa, hii ya kupikia, hii ya udhu.

Uhaba huo una jibu lake katika ibada. Fikihi ya Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, huanza na mlango wa tohara, na mtoto wa chuoni hujua mapema kwamba maji yakikosekana hutayamamu. Hupiga vumbi safi kwa viganja, akapaka uso, akapiga tena na kupaka mikono hadi viwiko, na sala yake ikasihi. Ni rukhsa yenye huruma kubwa, na watu wa jahazi na wa jangwani wameishi nayo karne nyingi.

Lakini je, rukhsa hiyo inavuka kizingiti cha zahanati?

Hakuna muuguzi atakayesema kwamba inavuka. Hata hivyo, kila mara mhudumu anapotoka kwenye kidonda cha mgonjwa mmoja kwenda kwenye kitovu cha mtoto mchanga bila kunawa, kwa kuwa ndoo imekauka na Mungu ni mwingi wa rehema, amejipa rukhsa ya namna hiyo bila kuitamka. Si jambo la visiwani peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa katika hospitali za kutibu maradhi makali hupata humo humo maambukizi ambayo hawakuja nayo. Katika nchi tajiri ni 7. Na kwa wastani, mmoja kati ya kila kumi wanaoambukizwa hivyo hufa.

Swali la rukhsa linajibika kwa fikihi yenyewe. Wanazuoni walitenga vitu viwili ambavyo mtu wa kawaida huviweka pamoja. Kuna hadathi, ambayo ni hali ya kisheria: haina rangi wala harufu, nayo huondoka kwa udhu au josho, na nia ni nguzo. Kisha kuna najisi, ambayo ni kitu chenyewe, kama damu, usaha au mkojo. Kuiondoa najisi hakuhitaji nia hata kidogo. Mvua ikiinyeshea nguo yenye damu mpaka damu ikaisha, nguo imetoharika ingawa mwenyewe alikuwa amelala. Na kinyume chake ni kweli pia: nia safi kuliko zote haitoi tone moja la damu. Ndiyo maana kwa Mashafii tayamamu haiondoi najisi iliyo mwilini. Humruhusu mtu kusali licha ya hadathi, basi.

Maambukizi ya hospitalini yako upande huo wa pili, wa najisi. Si lazima kudai kwamba maulamaa wa kale walijua vijidudu. Hawakuvijua, na heshima yao haipungui kwa hilo. Inatosha kwamba waliona wazi kuwa uchafu ulio kitu hauangalii moyo wa aliyeubeba.

Ushahidi mchungu wa jambo hili ulitokea Yambuku, kijiji cha Kongo, mwaka 1976. Hospitali ya misheni ya pale iliendeshwa na watawa wa Kibelgiji, watu walioacha kwao ili wawahudumie maskini, na hakuna sababu ya kutilia shaka ikhlasi yao. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo, na baina ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa tu katika maji ya vuguvugu. Ebola ilipoingia, ilisafiri kwa sindano zile zile zilizokusudiwa kuponya. Katika mlipuko ule waliugua watu 318, wakafa 280, watawa na wauguzi wakiwamo. Hospitali ilipofungwa, maambukizi yalianza kupungua. Kwa mtu wa imani hilo ni gumu kulimeza: milango ya nyumba ya huruma ilifungwa, na kufungwa kwake kukaokoa watu.

Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, alilijua somo hilo barabara. Ebola ilipozuka kaskazini mwa Uganda mwaka 2000, yeye ndiye aliyeitambua mapema na kusimamisha wodi ya kutenga wagonjwa pamoja na kanuni zake za glavu, gauni, barakoa na miwani. Usiku mmoja aliamshwa, muuguzi mmoja wa hospitali aliyekuwa mgonjwa akitapika damu na kuhangaika. Alikwenda mbio kumsaidia, akiwa amevaa kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Hakuna anayeweza kumlaumu. Upendo ulimtangulia hatua moja tu.

Hapa huja hoja ya tawakali, yaani kumwachia Mungu mambo, na haifai kupuuzwa kana kwamba ni ujinga wa wanakijiji. Ibn Hajar al-Asqalani, Mshafii mkubwa wa Cairo wa karne ya 15 ambaye kitabu chake cha Bulugh al-Maram kinasomwa hadi leo, alifiwa na mabinti zake kwa tauni, kisha akaandika kitabu kizima juu ya tauni na kukataa kwamba maradhi huambukiza kwa nguvu yake yenyewe. Kabla yake, Ibn al-Khatib wa Granada alikuwa ameshikilia kwamba uambukizaji umethibitika kwa macho na kwa uzoefu. Wote wawili walikuwa Waislamu wenye elimu. Mjadala wao ni mzito, na mtu anaweza kuwaheshimu wote wawili.

Ila mjadala huo ulihusu zaidi mtu na nafsi yake: akimbie au akae, aogope au asubiri. Muuguzi yuko mahali pengine. Mwili ulio mbele yake si wake. Anaweza kutawakali kwa maisha yake mwenyewe, akaketi na mgonjwa wa kipindupindu bila hofu, na huenda akawa shujaa. Hana haki ya kutawakali kwa maisha ya mzazi aliyelala kitandani akisubiri kukatwa kitovu cha mwanawe. Sharia hutofautisha haki ya Mungu, ambayo Mwenyewe huisamehe apendapo, na haki ya mja, ambayo haifutiki mpaka mwenye haki asamehe. Sala iliyosaliwa kwa tayamamu ni ya fungu la kwanza. Mkono usionawiwa uko katika fungu la pili, na mtoto aliyekufa kwa sumu ya damu hawezi kuombwa msamaha.

Nalo suala la spiriti hufaa lielezwe wazi, maana ndilo jibu la karibu zaidi pale maji yanapokosekana. Shirika la Afya Duniani lina fomula ya kitakasa mikono chenye asilimia 80 ya ethanoli, inayoweza kutengenezwa hata mbali na viwanda vikubwa, na kukisugua mikononi huchukua sekunde 20 hadi 30. Hukidhi haja ikiwa mikono haina uchafu wa kuonekana. Ikishakuwa na damu, maji na sabuni havina badala. Kwa Mshafii aliyefundishwa kwamba pombe ni najisi, wasiwasi wa kusali na mikono hiyo ni wa kweli. Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lilitolea suala hili uamuzi mjini Makka Januari 2002: alkoholi inaruhusiwa kutumika nje ya mwili kusafisha vidonda na kuua vijidudu. Uamuzi huo ungesomwa hata kwenye hotuba ya Ijumaa, na wauguzi wa kike na wa kiume wangepumua.

Bado kuna swali la haki ambalo ni kubwa kuliko muuguzi. Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Vipi basi alaumiwe mhudumu mmoja ambaye bomba lake halitoi kitu? Hapo mzigo hauanguki chini. Huhamia kwa wote. Al-Ghazali, naye Mshafii, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, yaani wajibu ambao ukiachwa bila mtu wa kuutimiza, dhambi ni ya mji mzima. Alisikitika kuona miji imejaa wanafunzi wa fikihi na haina tabibu. Maiti akiwepo, visiwa hivi havihitaji kukumbushwa maana ya fardhi kifaya: maji ya kumwosha hupatikana, hata yakatoka nyumba ya mbali. Na maiti, yakikosekana kabisa, naye hutayamamishwa. Mzazi hana badala hiyo.

Tangu mwaka 2013 afya ni jukumu la serikali za kaunti, kwa hiyo birika la zahanati ni deni la serikali ya Kaunti ya Lamu kabla ya kuwa deni la wavuvi. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar, limekuwa likifikisha matibabu kwa boti katika vijiji vya Lamu Mashariki, na safari zake zinaonyesha jinsi hospitali ya Faza kisiwani Pate na Hospitali ya King Fahd mjini Lamu zilivyo mbali kwa mwenye homa ya uzazi wakati bahari ya kusi imechafuka.

Lakini fikihi ina neno moja zaidi juu ya maji machache. Mwenye maji ya udhu tu, akamkuta mnyama asiye na madhara anakufa kwa kiu, hutoa maji hayo na yeye akatayamamu. Ikiwa ibada hupisha kiu ya mnyama, basi mwisho wa kaskazi birika la msikiti lina haki ya kupeleka madumu zahanati kabla ya adhana ya alasiri, na waumini wakasali kwa vumbi. Waliojenga visima na misikiti ya pwani waliviweka wakfu, na Kenya ina Tume ya Wakfu ya kusimamia mali hizo. Kuna waja wenye uwezo Mombasa, Muscat na Dubai wenye asili ya visiwa hivi, wanaotafuta sadaka ya kuendelea. Jabia lenye sakafu ya saruji, birika lenye kifuniko na bomba linaloingia moja kwa moja katika chumba cha kujifungulia, vikiandikwa wakfu kwa ajili ya kunawa mikono tu, ni jambo ambalo kamati ya msikiti na daktari wa kaunti wanaweza kuliweka mezani pamoja kabla ya masika yajayo.