JE, NGUO IUFUATE MWILI, AU MWILI UIFUATE NGUO?

Wako watakaoshangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea kujadili mambo ya haki na wajibu, zikishuka hadi gulioni kuzungumza habari za suruali za wanawake. Twawaomba wavumilie kidogo. Dhuluma haitokei barazani peke yake. Yaweza kutokea mbele ya kioo, na aliyedhulumiwa akaenda zake akiamini kwamba mwenye kosa ni yeye.

Tazameni mambo yalivyo katika magulio yetu ya Kasulu na Kibondo. Robota la mitumba lafunguliwa, suruali zamwagwa juu ya turubai, wanawake wainama kuchagua. Mahali pa kujaribia hapana. Basi mnunuzi hushika kiuno cha suruali kwa mikono miwili, akakizungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma, asema itamtosha. Njia hii twaijua sote, wanaume kwa wanawake, wala hatuidharau, maana shingo ya mtu huweza kukisia kiuno chake. Lakini shingo haijui habari za nyonga. Mama afika nyumbani, avaa, suruali yakwama mapajani. Au yapita mapajani kwa shida, kisha yapwaya kiunoni hata ngumi yaweza kuingia kwa nyuma. Ndipo lisemwapo lile neno lililotufanya tushike kalamu. Hasemi, "Suruali hii haikukatwa vema." Asema, "Mwili wangu mbaya."

Wamelisema neno hili walimu wenzetu wa kike, na wauguzi, na wakulima wenye mikono migumu ambao hawaoni haya kwa jambo jingine lolote. Wasichana wa sekondari wanalisema mapema kuliko mama zao. Msichana mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, ambaye bibi yake angemshangilia, ajitazama kama kitu kilichoharibika kwa sababu jinzi iliyotoka ng'ambo imegoma kupanda. Swali letu basi ni hili: nguo na mwili visipopatana, kosa ni la nani?

Ili kulijibu, hatuna budi kuuliza kwanza ile namba iliyoandikwa kiunoni mwa suruali imetoka wapi. Wengi hudhani ni kipimo cha haki, kama kilo au mita. Sivyo. Katika mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilisimamia kazi kubwa ya kupima miili ya wanawake, kwa kuwa nguo zilizoshonwa tayari zilikuwa haziwakai wanunuzi, na gharama ya kuzirekebisha ilikuwa kubwa. Kazi hiyo iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Wakapimwa wanawake wapatao 15,000, kila mmoja kwa vipimo 59, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Ilikuwa kazi ya bidii, nasi twaiheshimu. Lakini vipimo vilivyotumika katika hesabu vilikuwa vya wanawake Wazungu tu. Wachache wa rangi nyingine walipimwa, kisha karatasi zao zikawekwa kando. Mwaka 1958 serikali ya nchi hiyo ikatoa orodha ya saizi iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi huo. Mwaka 1983 orodha ikaondolewa, na makampuni yakabaki kujiandikia namba yapendavyo.

Wala namba zenyewe hazikutulia. Namba 8 ya mwaka 1958 ilikuwa ya kiuno cha inchi 23 na nusu. 8 ya leo imeipita ile kwa inchi kadhaa, maana wauzaji wamegundua kwamba mwanamke hununua upesi akiambiwa kuwa ni mdogo. Na katika robota moja utakuta suruali tatu zilizo karibu sawa kwa upana, ya kwanza imeandikwa 8 kwa hesabu ya Marekani, ya pili 12 kwa hesabu ya Uingereza, ya tatu 40 kwa hesabu ya bara la Ulaya. Ni ipi kati ya hizo iliyo kweli ya mwili wa mama wa Makere au wa Kakonko?

Fikirini mfanyabiashara ajaye kununua maharage yetu na pishi aliyoichonga kwao. Aitumbukize gunia, maharage yamwagike pembeni, kisha aseme kwamba maharage ya Buha yana ila kwa kuwa hayakai vizuri ndani ya pishi yake. Kila mkulima angecheka, kisha angedai pishi nyingine. Lakini mkulima huyohuyo, akiwa ni mwanamke, akikutana na suruali iliyochongwa kwa namna ileile, hadai kitu. Ajilaumu.

Atasema mtu, "Mwili nao waweza kubadilika, ale kidogo, atembee, suruali itamkaa." Kuna chembe ya kweli hapo, nasi hatumzuii mtu kutunza afya yake kwa shauri la daktari. Lakini upana wa nyonga kwa sehemu kubwa ni mfupa, na mfupa hausikii njaa. Tena mwili wa mwanamke hubadilika kwa sababu za heshima: hukua, huzaa, hunyonyesha, huzeeka. Kuutaka urudi nyuma kwa ajili ya kipande cha nguo kilichonunuliwa gulioni ni kumfanya bwana awe mtumishi wa mtumishi wake.

Kabla hatujaendelea, yatupasa kuwajibu wazee wetu wanaosema kwamba suruali yenyewe si vazi la mwanamke, na kwa hiyo mjadala wa kukaa kwake ni wa bure. Hututajia Kumbukumbu la Torati 22:5, nao si watu wa kupuuzwa. Ila twawaomba wakumbuke kwamba watu wa nchi ile, waume kwa wake, walivaa kanzu na majoho. Na mahali Torati itajapo suruali za kitani, katika Kutoka 28:42, zatajwa kwa makuhani ili wasitiri mwili. Kisha tuangalie kwetu. Babu na bibi zetu wa Buha walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Gauni na sketi zililetwa na misheni na maduka, sawasawa na suruali. Zimetangulia tu kuzoeleka. Pwani nako, katika karne ya 19, wanawake wa heshima wa Unguja walivaa suruali zenye marinda chini ya kanzu zao. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika nyumba ya Sultani na kutoa kitabu cha maisha yake mwaka 1886, alipigwa picha akiwa amevaa hivyo, na picha hiyo ipo hata leo. Sidhani yuko mzee wa Ujiji wa zamani zile ambaye angemwita mwanamke huyo mhuni.

Serikali nazo zimejaribu kulikata shauri hili kwa amri. Paris palitolewa amri mwaka 1800 kwamba mwanamke asivae suruali bila ruhusa ya polisi, na haikutangazwa kuwa imekufa mpaka mwaka 2013. Malawi ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1973 hadi miaka ya 1990. Kwetu Tanzania, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha shauri la kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua, vita vilivyoanza rasmi Januari 1969. Na hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Mwaka 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na kundi la watu mjini. Tofauti za nchi na miaka ni nyingi, lakini katika mambo haya yote apimwaye ni mwanamke, na futi iliyotumika ni jicho la mtu mwingine. Yule aliyeandika namba 8 na yule aliyemsukuma msichana Kariakoo si watu wa hali moja hata kidogo. Lakini wote wawili hawakumwuliza mwenye mwili.

Sisi twasema heshima ya vazi huanzia katika kazi yake. Mwalimu wa kike apandaye pikipiki asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni, katika vilima vyetu, akiwa amevaa sketi, hana budi kuketi upande, au kuketi kama mwanamume na sketi impande magotini. Akiwa na suruali iliyomkaa, aketi salama na kusitirika. Wengi wetu hufunga kitenge juu ya suruali, kisha hukifungua tufikapo. Wenye kucheka na wacheke. Suruali iliyobana mpaka mshono walia haisitiri wala haistareheshi, na hapa twakubaliana na wazee kabisa, ingawa sababu yetu ya kwanza ni kwamba mvaaji hawezi kupumua.

Tuje sasa kwenye kuchagua. Shina la shauri ni kwamba mtu achague kwa ajili ya mahali palipo papana katika mwili wake, kisha pengine pote papunguzwe. Mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, umbo lililo la wengi wetu, anunue kwa nyonga. Kiuno hupunguzwa na fundi kwa muda mfupi. Lakini nyonga haiwezi kuongezwa kwa kitambaa kisichokuwapo. Atafute suruali ambayo kiuno chake chapanda hadi kiuno chenyewe, si ile inayoishia chini ya kitovu, maana hiyo ndiyo inayoshuka nyuma ainamapo. Miguu yake ianguke wima tangu mahali papana pa nyonga. Ikibanwa magotini na vifundoni, nyonga huonekana kubwa kuliko ilivyo, na kutembea ni taabu.

Mwenye tumbo, hasa aliyezaa mara kadhaa, asikimbilie kiuno cha lastiki nyembamba iliyokaza. Hiyo hukata tumbo vipande viwili na kumwachia alama jioni. Mkanda mpana uliolala bapa mbele wamfaa zaidi, na mifuko isiwe ile inayofunguka ikimwaga kitambaa pembeni. Mwenye umbo lililonyooka bila kiuno wala nyonga ana raha kuliko sisi sote gulioni, kwa kuwa suruali nyingi za ng'ambo zamkubali. Akitaka kujaza kidogo, achague yenye mikunjo kiunoni. Mfupi asikunje pindo kwa nje, bali aende kwa fundi likatwe. Mrefu atazame ndani ya pindo kabla ya kulipa, aone kama kuna kitambaa cha kushusha.

Na awaye yote, asiiamini suruali aliyoijaribu akiwa amesimama tu. Suruali ya kusimama ni ya sanamu ya dukani. Aketi, achuchumae kama apepetaye, ainame kama atwishwaye ndoo, ainue mguu kama apandaye pikipiki. Ikimvuta nyuma, au mshono wa katikati ya miguu ukimkata, kimo cha makalio ni kifupi kwake, na hapana fundi atakayeliponya hilo kwa urahisi. Airudishe juu ya turubai pasipo majuto.

Labda mwingine atatushitaki kwamba twafundisha majivuno: kwa nini mwanamke atake kupendeza? Twamwuliza, mwanamume hunyoosha kola yake kwa ajili gani aendapo ofisini? Suruali inayokaa humfanya mvaaji aisahau. Yule aliyevaa iliyomkataa huwaza habari za suruali toka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Huivuta juu, huishusha shati nyuma, huogopa kugeuka kuandika ubaoni. Kama kuna majivuno hapo, hatujui ni ya nani.

Lililo bora kuliko yote ni kwenda kwa fundi, nao wako wengi barazani mwa maduka ya Kasulu na Kibondo na cherehani zao za miguu. Kitenge kizito chatosha kwa suruali pana nzuri sana. Kuna tatizo moja lisilosemwa: fundi wengi ni wanaume, nao kwa haya hupima kiuno na urefu, wakakisia nyonga kwa macho, wala hawathubutu kupima tangu kiuno hadi kitini. Haya hiyo ni adabu, lakini suruali huharibikia hapohapo. Mteja ashike futi kwa mkono wake mwenyewe, au aende na dada yake, amsomee fundi namba zote: kiuno, nyonga, paja, kimo cha makalio akiwa ameketi, na urefu.

Kisha amwombe jambo moja zaidi. Fundi ashonapo suruali ya mwanamume huacha kitambaa cha akiba katika mshono wa nyuma, inchi moja au zaidi, kwa kuwa ajua bwana atanenepa miaka ijayo. Suruali ya mwanamke mara nyingi hushonwa ukingoni kabisa, na kinachobaki hukatwa kikatupwa chini ya cherehani. Amwambie kabla hajashika mkasi, "Fundi, na yangu niachie inchi moja nyuma."