Bei ya Kukosea

Ilonga, nje kidogo ya mji wa Kilosa, kuna taasisi mbili za serikali zinazoishi kama majirani. Moja ni kituo cha utafiti wa kilimo, nyingine ni chuo cha ualimu. Kwenye mashamba ya kituo, mtaalamu wa mbegu hupanda mistari mingi ya mahindi au alizeti akijua tangu mwanzo kwamba mingi itatupwa. Mstari ulioanguka huandikwa daftarini kwa makini yaleyale ya mstari uliofaulu, maana asiyejua kilichoanguka na sababu ya kuanguka kwake hawezi kuchagua. Mahindi ya Ilonga Composite, yaliyobeba jina la mahali hapa, yametoka kwenye kazi ya namna hiyo. Upande wa pili, vijana wanaandaliwa kwenda kufundisha katika shule ambako kukosea kuna maana nyingine kabisa: alama ya mkasi kwa wino mwekundu, kicheko cha darasa zima, pengine fimbo.

Mwajiri ni mmoja. Mtafiti analipwa mshahara ili, pamoja na mengine, akosee kwa utaratibu. Mtoto wa darasa la tatu anayekosea vilevile anahesabiwa kuwa na upungufu. Kosa, basi, ni kitu gani? Ni deni, ni aibu, au ni taarifa? Nadhani ni vyote vitatu, kutegemea bei iliyopangiwa. Na katika chumba cha darasa, anayepanga bei ni mwalimu, hata kama hajui kuwa anaipanga.

Tuanze na ubongo wenyewe. Mwaka 1997 Wolfram Schultz na wenzake walichapisha maelezo ya kazi iliyofanywa kwa kima wa maabara. Seli za ubongo zinazotoa dopamini zilifuatiliwa wakati kima wakipewa matone ya juisi. Juisi ilipokuja bila kutarajiwa, seli zile zililipuka kwa shughuli. Kima walipozoea kwamba kuna ishara inayoitangulia juisi, mlipuko ulihamia kwenye ishara, na juisi ilipofika seli zilikaa kama kawaida yake. Kisha ikawa ishara inakuja, juisi haiji: seli zikanyamaza, saa ileile ambayo juisi ilikuwa inasubiriwa. Kilichokuwa kinapimwa ni tofauti kati ya kilichotegemewa na kilichotokea. Tofauti hiyo ndiyo inayouambia ubongo kwamba makadirio yake yanahitaji kurekebishwa. Palipo na makadirio sahihi hakuna cha kurekebisha. Pasipo na makadirio yoyote, hakuna cha kulinganisha.

Hapo ndipo kitendawili kinapopata heshima yake. Tumezoea kukiona kuwa mchezo wa jioni, lakini utaratibu wake ni mkali kuliko wa mtihani. Mtu anasema, “Kitendawili!” Wenzake wanaitika, “Tega!” Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kukaa kando na kusubiri jibu. Ni lazima ujaribu, na ujaribu kwa sauti. Ukishindwa, unaambiwa utoe mji. Unasema, “Nakupa Kilosa.” Mtegaji ana haki ya kuukataa: “Siutaki, nipe mwingine.” Unampa Morogoro. Anaukubali, anajigamba jinsi alivyokwenda huko akala na kunywa, na mwisho ndipo anapolitoa jibu. Muda wote huo akili yako imebaki wazi ikilitafuta.

Watafiti watatu wa Marekani, Kornell, Hays na Bjork, mwaka 2009 walionyesha kitu ambacho bibi yeyote wa Ukaguru angekikubali bila kuomba ushahidi. Waliojaribu kujibu wakakosa, kisha wakaambiwa jibu, walilikumbuka vizuri zaidi kuliko waliotumia muda uleule kulisoma jibu. Miaka mitatu kabla yao, Roediger na Karpicke walikuwa wamewapa wanafunzi maandishi mafupi. Waliorudia kusoma walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamefunga karatasi na kujilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Na mwaka 2001 Butterfield na Metcalfe walikuwa wamegundua jambo la ajabu zaidi: kosa ambalo mtu amelifanya akiwa na uhakika ndilo linalosahihishika kwa urahisi, pindi jibu la kweli linapotolewa. Mshangao unafungua mlango ambao mashaka huuacha umerudishwa nusu.

Falsafa ililifikia jambo hili zamani. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Sokrate anamhoji kijana mtumwa asiyesoma jiometri na kumtaka aseme upande wa mraba wenye eneo maradufu ya mraba uliopo utakuwa na urefu gani. Kijana anajibu upesi kwamba urefu wa upande uwe maradufu. Amekosea. Anajaribu tena, anakosea tena, hadi anakiri kuwa hajui. Hapo Sokrate anamgeukia Meno, bwana wa kijana huyo, na kumuuliza kama kwa kumfikisha kijana kwenye mkwamo ule wamemdhuru. Meno anakubali kwamba hawajamdhuru. Kabla ya hapo kijana alidhani anajua na asingetafuta. Sasa anajua kuwa hajui, kwa hiyo atatafuta. Lakini kuna jambo ambalo wasomaji hulipita haraka: kijana aliendelea kujibu. Alikuwa mtumwa mbele ya bwana wake na mgeni, na bado alithubutu kubahatisha mara ya pili. Mafunzo yote ya siku ile yaliwezekana kwa sababu jibu lake la kwanza halikumletea balaa.

Mtu mzima atasema: “Sisi tulichapwa, na tukajua.” Hoja hii haitakiwi kudharauliwa. Ni kweli kwamba hofu inachora kumbukumbu. Mafundisho ya jando, huku Kilosa na kwingineko, yalichanganya mafumbo na maumivu, na waliopitia hawakuyasahau. Ila hofu huchora kwa uangalifu kile kilichotisha, na kuyaacha mengine pembeni. Mwulize huyo mzee akusimulie siku aliyochapwa: atakutajia mwalimu, fimbo ya mti gani, mahali aliposimama. Mwulize sasa ile hesabu ilikuwa ipi. Zaidi ya hayo, wanaosema “tulichapwa na tukajua” ni wale waliobaki shuleni. Waliochapwa wakaacha shule hawajaalikwa kwenye baraza hilo kutoa ushuhuda wao.

Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, aliandika kuhusu hofu hiyo katika Maungamo yake. Kilatini alikipata bila vitisho, kwa walezi waliocheza na kucheka naye. Kigiriki alilazimishwa kwa adhabu, na akakichukia. Mtoto mmoja, kichwa kimoja, lugha mbili, bei mbili. Kwetu Tanzania, kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, tena visizidi vinne, na kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kukosa jibu la hesabu si utovu wa nidhamu kwa tafsiri yoyote ya sheria. Kama fimbo bado inatembea kati ya madawati wakati wa majaribio ya hesabu, basi tunachapa kitu ambacho hata kanuni haikukitaja.

Lakini tatizo kubwa la bei ya juu ni lingine: mtoto anayeogopa kukosea hajaacha kujifunza. Ubongo hauna likizo. Chukua mfano wa nyani wa Mikumi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Wasafiri wamekuwa wakirusha maganda na mabaki ya chakula dirishani, ingawa imekatazwa, na nyani wamejifunza kukaa kandokando ya lami. Hakuna aliyekusudia kuwafundisha. Mazingira yalilipa, wao wakajifunza kinacholipwa. Morogoro mjini, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linatumia sheria hiyohiyo kwa makusudi: panya buku anafundishwa kunusa mabomu ya ardhini kwa kupewa chakula kidogo kila anapopatia. Akikosea, hapati kitu, na kazi inaendelea.

Darasani nako kuna malipo ambayo hakuna aliyeyapanga. Pale kosa linapokuwa ghali, mtoto hujifunza kuinamisha kichwa ili asiitwe, kuitikia “ndiyooo” pamoja na wenzake, kusubiri mwenye akili aandike ndipo anakili. Ni masomo magumu, na anayafaulu vizuri sana. Mwalimu anayelalamika kwamba darasa lake limepooza anatazama wanafunzi hodari wa somo ambalo yeye mwenyewe analifundisha kila siku bila kuliandika kwenye azimio la kazi.

Linganisha na kibanda cha pancha pale Mikumi mjini, kandokando ya barabara hiyohiyo. Kijana anayejifunza kazi amepewa tyubu ya bodaboda. Anaijaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande kwenye karai la maji, anaizungusha taratibu, anasubiri. Povu likitoka, anapaweka alama, anapakausha, anapakwaruza kwa msasa, anapaka gundi. Kisha unakuja mtihani wa subira: gundi lazima ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Akiharakisha, kiraka kitaachia. Anairudisha tyubu karaini, na povu linamwambia kwa mstari mwembamba kwamba amekosea, tena linamwonyesha ni upande gani. Fundi mkubwa anaweza kuwa amelala kwenye benchi. Povu halimwiti mjinga, wala halimwambii amefanya vizuri ili kumfurahisha. Anabandua, anaanza upya. Gharama yake ni kiraka kimoja na dakika kadhaa za mteja anayeguna. Kwa bei hiyo mtu anaweza kukosea mara nyingi mpaka akawa fundi.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba bei bora ni sifuri. Kazi nyingine hazina nafasi ya kukosea: breki za lori linaloteremka mlima, dozi ya mgonjwa. Ndiyo maana mafunzo ya kazi hizo hutafuta mahali pa kukosea mapema, kwenye gari lililosimama, mbele ya anayejua. Tena jibu lisilogharimu chochote halina uzito. Mwanafunzi anayetupa neno lolote bila kulitegemea hana makadirio ya kusahihishwa. Kitendawili kinadai mji, na mji huo ni wa maneno tu, lakini kuutoa mbele ya wenzako kunauma kidogo. Maumivu hayo madogo yanatosha kukufanya utafute kwa dhati, na hayatoshi kukufanya uondoke kwenye mkeka. Bei sahihi ya kukosea iko hapo: isikike, isinyamazishe.

Kwa kipimo hiki, tunaweza kuona mahali shule zetu zinapopandisha bei bila haja. Kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Binti wa Kimamba anayejua vizuri kwa nini maji ya Mto Mkondoa hujaa mchanga, akiulizwa kwa Kiingereza, analazimika kuhatarisha makosa mawili kwa jibu moja, la jiografia na la sarufi. La pili ndilo linalochekwa. Anaamua kunyamaza, na mwalimu anaandika kwamba hajui. Angeruhusiwa kulisema kwanza kwa Kiswahili, kisha wakalijenga pamoja kwa Kiingereza, kila kosa lingelipiwa peke yake.

Hoja ya idadi ya wanafunzi ni nzito. Mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kumsikiliza kila mmoja. Lakini kushusha bei hakuhitaji darasa dogo. Kabla ya kufundisha, uliza swali ambalo hawajafundishwa, kila mmoja aandike jibu lake, kisha alinganishe na jirani. Dakika tatu, na watoto tisini wamekadiria. Uliza, “Nani amepata jibu tofauti?” na ukilipata, lichambue ubaoni kwa heshima ileile ya jibu sahihi. Rudia swali hilo baada ya siku kadhaa, bila kutoa alama. Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Udadisi ni tabia ya anayemudu kukosea, asiyemudu hukariri.

Ila mwalimu naye ana bei yake. Anapokuja mthibiti ubora wa shule, darasa linalopendeza ni lile la majibu ya haraka na sahihi. Mwalimu anajua hilo, kwa hiyo anawaita wanaojua. Kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, anaandika kwamba wanafunzi wengi wameelewa. Ukweli ni kwamba wengi hawakuulizwa. Hatuwezi kumdai awape watoto kitu ambacho yeye mwenyewe hapewi. Mthibiti anayetaka kujua kama darasa linajifunza angeanza na swali moja: leo ni majibu mangapi ya kukosea yaliyosikika humu ndani, na kila moja lilifanyiwa nini? Somo lisilo na hata moja halijathibitisha ubora wowote, maana huenda kila kilichosemwa kilikuwa kinajulikana kabla kengele haijalia.