Zimwi Naye Ana Sauti Yake

Msimulizi hodari hana mhusika wa kupuuza. Imani hiyo imekolea kwangu kwa sababu ya kitabu cha kusikiliza ambacho wengi, wakielezwa kisa chake, watakiona ni upuuzi: Dungeon Crawler Carl cha Mmarekani Matt Dinniman, kilichochapishwa kwanza mwaka 2020. Wageni kutoka sayari za mbali wanayabomoa majengo yote ya dunia kwa mpigo mmoja. Walionusurika wanaalikwa kushuka kwenye shimo lenye ghorofa 18, wapambane na mazimwi huku walimwengu wa nyota nyingine wakiwatazama kama kipindi cha televisheni. Humo kila kitu kinahesabiwa kama kwenye gemu: nguvu, akili, mvuto, hata idadi ya mashabiki. Carl anaingia bila suruali, kwa kuwa alitoka nje usiku wa baridi kumfuata paka wa aliyekuwa mpenzi wake. Paka huyo, Princess Donut, anajaliwa kusema, na akishaanza hanyamazi.

Anayesoma ni Jeff Hays. Donut anamsemea kwa maringo ya bibi aliyezoea kutumikiwa, Carl kwa sauti nzito ya mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa. Kinachonishangaza zaidi ni anavyowatendea wadogo. Kiumbe atakayeishi kurasa mbili tu naye anapewa pumzi yake na namna yake ya kulalamika. Kwenye hesabu za shimo lile, zimwi wa ghorofa ya kwanza ni pointi za kukusanya. Akishasikika akinung'unika kama mlinzi aliyechoshwa na zamu, hawezi tena kuwa pointi. Msikilizaji anacheka, na katika kicheko hicho hicho anaanza kumhurumia.

Je, ni halali kuchekea hadithi ambayo ndani yake watu wengi kiasi hicho wamekufa? Sisi tuliokulia kwenye utani tunalijua jibu. Mtani huja msibani, akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, kikohozi chake na jinsi alivyokuwa akidai chai. Wafiwa hucheka machozi yakiwatoka. Hakuna anayedhani kwamba marehemu amedharauliwa. Aliyemwiga vile lazima alimtazama kwa makini alipokuwa hai. Ndiyo sababu naamini kuigiza sauti ya mwingine vizuri ni heshima kubwa, hata kama lengo ni kuchekesha.

Huku Kawajense, Mpanda, kitabu cha Carl huandamana nami wakati wa kupukuchua mahindi. Mtu anayecheka peke yake na gunzi mkononi lazima aulizwe, na watoto wa jirani waliuliza. Nikawa nawasimulia kwa Kiswahili, nikijitahidi kubadilisha sauti. Donut walimpenda, kama nilivyotarajia. Lakini waliyemdai tena ni zimwi mdogo aliyepita mara moja tu. “Anko, yule mlalamishi harudi?” Hakurudi, maskini, wakanuna kweli.

Ufundi huu wa kubadilisha sauti si mgeni kwetu. Waliokua na Redio Tanzania wanamkumbuka Deborah Mwenda wa kipindi cha Mama na Mwana, ambaye kwa koo lake peke yake aliijaza sebule wanyama na mazimwi. Kwenye mabanda ya video, Lufufu alizitia filamu za kigeni Kiswahili na kuwasemea wote, kuanzia jambazi hadi bibi kizee.

Ndiyo maana natamani Adili na Nduguze ya Shaaban Robert isomwe hivyo, kwa pumzi zote. Hasidi na Mwivu, waliomtupa ndugu yao baharini, wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku mwenyewe akilia. Msomaji mvivu atawafanya manyani wa kuchekwa tu. Ninayemtaka ni yule atakayetuchekesha kwa vituko vyao, kisha kiboko kikishuka, tumsikie ndani ya nyani mtu anayetaka kumwita ndugu yake na hawezi. Vipaji hivyo havijatuishia. Kwenye stendi ya Mpanda wapo vijana wanaoweza kumwigiza kila abiria anayeshuka, kwa lafudhi yake na kwa haraka zake. Wapewe kitabu na kipaza sauti, na walipwe.