Sufuria na Mfuniko Wake



Sombe ikiiva, mama hafunui sufuria barabarani. Harufu peke yake inatosha. Mwenye njaa anajua. Mtoto anapita, anaendelea na mchezo wake.

Nyimbo za ujana wetu zilipikwa hivyo. Mwanamuziki alifunika. Sisi tulinusa, tukacheka, tukacheza rumba mpaka viatu vikalia. Si kwamba wazee walikuwa watakatifu! Mwaka 1978 Franco mwenyewe, bingwa wa OK Jazz, alifunua, na serikali ya Mobutu ikamfunga kwa nyimbo za matusi. Lakini Franco huyohuyo alipofunika, nani alimshinda? Nampenda kwa hilo.

Leo, hapa Bunia, kutoka Mudzipela mpaka soko kuu, spika zinafunua kila kitu asubuhi na mapema. Mtoto wa shule ya msingi anaimba mambo ya kitandani, daftari mkononi. Bibi yake anakohoa. Baba anaangalia mawingu. Nacheka, kweli, halafu nahuzunika: tumemnyima yule mtoto raha ya kungoja.

Wewe mwenye duka, wewe dereva wa pikipiki, spika ni yako. Asubuhi hii, kabla hujaongeza sauti, angalia kwanza ni nani anayepita mbele yako. Kazi njema.