Tabaka za Rangi na Utakatifu wa Maandiko

Mchoro wa rangi katika kitabu cha kale una tabaka: ngozi ya mnyama chini, pengine msingi mweupe, kisha rangi juu ya rangi. Rangi nyingi za kiwandani hujulikana zilianza lini, kwa hiyo kemia inaweza kukisuta kitabu kinachojizidishia umri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Injili ya Marko ya Kigiriki, yenye michoro 16, iliyofika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1937. Maneno yake yalikaribiana mno na Codex Vaticanus, hati ya Biblia ya karne ya 4, hata wataalamu wakaipa namba 2427 na kuihesabu miongoni mwa mashahidi wakuu wa Injili hiyo. Baadaye wanakemia walikuta humo buluu ya Prusia, rangi iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Watetezi walijibu kwamba huenda fundi fulani alihuisha michoro iliyofifia, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Hapo ndipo tabaka huamua, kwani rangi ya kuhuishia hulala juu ya ile ya awali, na hadubini huzitenganisha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 haukuona dalili ya kuhuisha. Uliona vitu visivyopatikana kabla ya 1874. Ngozi pekee ndiyo iliyokuwa kuukuu. Tayari mwaka 2006 mtafiti Stephen Carlson alikuwa ameonyesha kuwa maneno yalinakiliwa kutoka toleo la Agano Jipya la Kigiriki la Philipp Buttmann la 1860.

Je, kitabu cha kughushi chaweza kuwa Maandiko Matakatifu? Mkristo akikisoma atakutana na Marko yuleyule asomwaye kanisani, na imani yake haijawahi kudai kuwa neno hupata utakatifu kwa ukongwe wa ngozi. Biblia iliyochapwa jana inatosha. Kilichoghushiwa ni ushahidi. Kwa hiyo anayesema maabara imeikanusha Injili amekosea. Amekosea vilevile, pengine zaidi, anayesema maabara haimhusu muumini: Ukristo husimulia mambo yaliyotukia chini ya Pontio Pilato, na anayedai jambo limetukia hawezi kuwa mzembe kuhusu mashahidi wake. Wahariri wa Agano Jipya la Kigiriki la Nestle-Aland walifanya ilivyopasa: katika toleo la 28, la mwaka 2012, Marko amebaki na namba 2427 imeondolewa.